Kushoto, Kulia, Kotekote

Maarika anamsugua Endel paji la uso
kwa pamba yenye spiriti, kisha nyuma ya kila sikio,
pale mfupa unapotuna chini ya ngozi.
Anabandika vidoti vya fedha. Gundi ni baridi.
"Usitafune, usikunje uso.
Ukishikwa na usingizi, lala. Usingizi unatusaidia."

Nje, Tartu imelala chini ya theluji ya siku tatu.
Ndani, mlango mnene kama wa jokofu la bucha
unafungwa, na ukimya
unamkalia mzee kifuani.

Miaka thelathini na mmoja alisimama kando ya msumeno
kiwandani mwa mbao, sikio la kushoto likielekea meno yake.
Sikio la kufa halisikii dawa, tunajua;
hili halijafa. Linasikia kidogo, linachelewa,
kama karani aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

Hakuja kwa ajili ya uziwi.
Amekuja kwa sababu tangu Hilja azikwe
hajui sauti zinatoka wapi.
Birika likilia jikoni, anafungua mlango wa nje.
Mjukuu akimwita, anageukia kabati.
Zamani Hilja alitembea upande wake wa kushoto,
akamgusa kiwiko: baiskeli.
Akamgusa tena: jirani, msalimie.
Nani angejua miaka yote hiyo
kwamba nusu ya usikivu wake
ilikuwa kwenye kidole cha mtu mwingine?

Tik tik tik tik.
Elfu mbili kushoto.
Elfu mbili kulia.
Kisha elfu mbili kotekote, kwa pamoja.

Mlio mmoja hauonekani kwenye skrini.
Ubongo una soko lake lisilofungwa:
kope, moyo, bili ya umeme, jina la mbwa wa utotoni.
Lakini rudia, rudia, jumlisha, gawanya,
na kelele zinafutana zenyewe kwa zenyewe
mpaka kinabaki kilima, cha tano katika msururu,
kimesimama kabla sekunde haijamaliza
hata sehemu yake ya mia.

Hapo Maarika anaanza kazi anayoipenda, kazi ya kutoa.
Anajumlisha kilima cha kushoto na cha kulia,
anaweka kando yake kile cha masikio yote mawili.
Shuleni moja na moja ni mbili.
Hapa ni mbili kasoro,
na kasoro ndiyo anayoitafuta,
kwani masikio yasiyojuana yangeleta jumla kamili,
kila moja na mzigo wake, bila salamu.
Panapopungua ndipo yalipokutana,
humo kwenye shina la ubongo,
mahali ambapo wapasuaji wa kale walipaita zeituni,
tunda la mti usioota Estonia.

Ya Endel haionekani.
Mstari umenyooka kama barabara ya Jumapili.
Maarika anafikiri, anakuna shingo kwa kalamu,
kisha anatanguliza mlio wa kushoto
kwa chembe ya sekunde,
kumpa nafasi yule karani.

Kibonde.
Kidogo, kama alama ya kidole kwenye unga.
Anapima tena: kipo.
Anapima mara ya tatu, maana hajiamini: kipo.

"Umeona nini?" anauliza Endel, gundi nyweleni.
"Kuna upungufu."
"Upungufu nilikuja nao."
"Huu ni ule mzuri," anasema, na kueleza kunamshinda,
anabaki ameinua vidole viwili,
anavisogeza, vinagusana.

Mzee ameshafika mwisho wa korido
ndipo anapoiona kofia kwenye kiti.
"Endel!"
Anageukia ukuta.
Anasimama hapo, kiwiko cha kushoto
kimetoka kidogo kwenye ubavu, kinangoja.
Maarika anapiga hatua akamguse.
Anajizuia.
Anaita tena, taratibu, mara moja tu,
na kofia mkononi anatazama
kichwa kile cheupe kikitafuta.